Karatasi ya ajenti na daftari la keateka: kupima ploti ya kupangisha Nairobi

Ajenti alinipa karatasi moja tu. Juu palikuwa na picha ya jengo, chini yake mistari mitatu: bedsita 20 (chumba kimoja cha kulala na kupikia) kwa shilingi 8,500, nyumba 8 za chumba kimoja cha kulala kwa shilingi 14,000, bei milioni 32. Akaweka kidole kwenye pembe ya karatasi, pale alipoandika kwa kalamu nyekundu. "Mama, hapa unapata asilimia 10 na nusu kwa mwaka. Na hiyo ni kabla hujapandisha kodi." Tulikuwa tumesimama langoni mwa ploti yenyewe, Zimmerman, Jumamosi saa nne asubuhi. Nyuma yake kijana alikuwa akipaka rangi ukuta ambao unyevu wake ulikuwa bado unaonekana.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha wanawake tisa. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa kodi kwa miaka 14 katika ofisi ya ajenti huko Umoja. Nilikata risiti, nikafuata wenye madeni, nikalipa bili za maji za ploti za watu wengine. Ndiyo maana nikipewa karatasi ya namna ile sipotezi muda kukagua kama amezidisha vizuri. Alikuwa amezidisha vizuri. Ninachotafuta ni kile kilichoachwa nje. Nitakuonyesha nilivyoipima ploti ile, na kwa njia hiyohiyo utapima yako, iwe Kayole, Kasarani au Kilimani.

Kipimo ninachotumia kinaitwa kiwango cha mtaji. Unachukua kodi ya nyumba iliyoingia mkononi kwa mwaka mzima, unatoa gharama zote za kuendesha jengo, kisha kinachobaki unakigawanya kwa bei ya kununulia. Jibu unalizidisha kwa mia. Jengo la milioni 10 likikubakishia 800,000 kwa mwaka, kiwango chake ni asilimia 8. Maana yake ni kwamba ukilinunua kwa pesa taslimu, bila deni la mtu, kila shilingi 100 uliyoitia itakuletea shilingi 8 kwa mwaka. Kwa kuwa deni halimo, unaweza kuweka singo (vyumba kimoja kimoja) za Pipeline, fleti ya Kileleshwa na dhamana za Hazina, yaani pesa unazoikopesha serikali, kwenye mizani moja.

Marejesho ya mkopo hayaingii kwenye gharama hizo. Hapa watu wengi hukosea, hata waliosoma. Mkopo ni wako, hauko kwenye jengo. Jengo lilelile likinunuliwa na mtu mwenye mkopo na mwingine asiye nao, kiwango chake cha mtaji hakibadiliki. Mkopo una mahali pake, nao tutaufikia.

Turudi kwa ajenti. Bedsita 20 kwa 8,500 ni 170,000. Nyumba 8 kwa 14,000 ni 112,000. Jumla 282,000 kwa mwezi, au 3,384,000 kwa mwaka. Gawanya kwa milioni 32, unapata asilimia 10.6. Hiyo ni kodi ambayo ingeingia kama kila mlango ungekuwa na mtu, kila mtu angelipa, na jengo lingejiendesha lenyewe bila maji, bila stima na bila soja wa usiku. Sijawahi kuliona jengo hilo.

Kodi iliyoingia kweli

Niliomba kumwona keateka, mtunzaji wa jengo. Ajenti alisita kidogo, akasema daftari liko kwa mwenye ploti. Nikamwambia sina haraka. Mwishowe keateka, mzee wa makamo, ndiye aliyetoka nalo, daftari la kurasa ndefu lenye jalada jeusi, kona zake zimelainika kwa kushikwa. Tukaketi kwenye ngazi.

"Baba, mlango namba 6 mbona hauna jina?"

"Huo ni wangu, mama. Nakaa hapo tangu jengo liishe."

"Unalipa ngapi?"

"Silipi. Ni sehemu ya mshahara."

Basi bedsita 20 za ajenti zilikuwa 19. Shilingi 102,000 kwa mwaka zilikuwa zimehesabiwa na hazipo. Nikaendelea kushuka na kidole. Wapangaji watano walikuwa wakilipa 7,500, si 8,500. Ni watu wa zamani, walioingia kabla ya kodi kupanda, na mwenye ploti hakutaka kuwapoteza. Hapo zilikwenda 60,000 nyingine. Kisha kulikuwa na nafasi tupu kwenye daftari: mlango uliokaa bila mtu Januari na Februari, mwingine Mei hadi Julai, mpangaji aliyelipa nusu Agosti, aliyehama Oktoba usiku na deni la miezi miwili. Nilizijumlisha zote, zikafika 174,000.

Kodi iliyoingia kweli kwa miezi 12 ilikuwa 3,048,000. Tofauti na karatasi ya ajenti ni 336,000, karibu moja ya kumi. Bado hatujalipa bili hata moja.

Miezi 12 ni lazima, usikubali mitatu. Ploti za karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta hujaa wanafunzi wanapofungua na kupungua wanapofunga, na muuzaji anayejua kazi yake atakupeleka wakati zimejaa. Ukiweza pata daftari la miaka kadhaa iliyopita, mpaka 2020. Mwaka ule wa korona nilikuwa bado ofisini. Kuanzia Aprili nilikuwa napokea simu za wapangaji wanaolia, watu wa hoteli, wa matatu, wa saluni, na zipo ploti ambazo hazikukusanya nusu ya kodi kwa miezi. Kwa jinsi jengo lilivyopita mwaka huo utajua wapangaji wake wanategemea kazi za aina gani.

Daftari peke yake halitoshi, kwa sababu daftari linaweza kuandikwa usiku mmoja. Nina vitu viwili ninavyolinganisha nalo. Cha kwanza ni taarifa ya M-Pesa au ya benki ya namba ambayo wapangaji hulipia. Cha pili ni risiti za KRA, mamlaka ya ushuru. Ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi hulipwa kila mwezi, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa kodi yote iliyopokelewa. Muuzaji akikuambia anakusanya 282,000 kwa mwezi, na KRA ameiambia anakusanya 120,000, kuna mmoja kati yenu anayedanganywa. Usikimbilie kuamini kwamba ni KRA. Mwombe akuchapishie risiti za mwaka mzima kutoka iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Akikataa, rekodi ya M-Pesa ndiyo iamue, wala si maneno yake.

Nasema haya kwa uchungu. Mwaka 2017 mimi na mume wangu tulinunua ploti ndogo ya singo 10, upande wa Mashariki ya jiji, kwa milioni 5.8. Tuliambiwa zote zimejaa, 5,000 kila mlango. Hiyo ni 600,000 kwa mwaka, zaidi ya asilimia 10. Tulikwenda kuiona mchana, milango ikafunguliwa, ndani kukawa na watu. Mwezi wa pili baada ya kununua, vyumba vinne vilihamwa katika wiki moja. Walikuwa jamaa za muuzaji waliowekwa pale hadi sahihi zikauke. Nikikumbuka sasa, naona kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu. Chumba kimoja kilikuwa na godoro ambalo lilikuwa bado kwenye plastiki yake, na hakikuwa na sufuria hata moja. Anayeishi mahali ana sufuria yenye masizi, ana ndoo, ana kamba ya nguo, ana viatu vya mtoto mlangoni. Tulichukua mwaka mmoja na nusu kuijaza ploti ile, na karo ya kijana wetu mkubwa ilibidi ikopwe.

Tangu hapo, ploti naiendea mara tatu: mara moja na ajenti, mara moja peke yangu Jumapili jioni saa moja, na mara moja siku ya kazi alfajiri watu wakitoka. Jumapili jioni nahesabu taa na kamba za nguo. Nasimama mbele ya mita za stima. Mita ya tokeni ambayo taa yake ndogo haipepesi hata watu wakiwa wamerudi nyumbani, ule mlango una swali. Kisha nanunua sukuma kwa mama mboga wa langoni na kumuuliza taratibu, "Dadangu, hapa kuna nyumba ya kupanga?" Akijibu kwamba ziko tatu na maji hupatikana mara mbili kwa wiki, nimepata habari ambayo ajenti hakuiandika.

Gharama, mstari kwa mstari

Huu hapa ukurasa wa daftari langu kuhusu ploti ya Zimmerman, kwa mwaka:

Keateka, 17,000 kwa mwezi: 204,000
Soja wa usiku, 18,000 kwa mwezi: 216,000
Maji ya bili na ya bouza (lori la maji), baada ya kutoa yanayolipwa na wapangaji: 144,000
Stima ya ngazi, lango na pampu: 72,000
Takataka: 60,000
Ajenti wa kukusanya kodi, asilimia 7: 213,360
Ukarabati: 240,000
Bima: 40,000
Reti za kaunti na kodi ya ardhi: 30,000
Jumla: 1,219,360

Mistari mingine ni ya kuuliza tu na kuandika. Bili za stima zipo, reti ziko kwenye risiti za kaunti. Mitatu ndiyo ya kubishaniwa.

Maji. Nairobi ploti hufa kwa maji. Muulize keateka siku ambazo maji ya mfereji huja, ukubwa wa tangi la juu na la chini, na bouza huitwa mara ngapi wakati wa kiangazi. Kama wapangaji wana mita ndogo kila mlango, angalia kama zinafanya kazi. Nimewahi kuona ploti yenye mita 16, na 9 zilikuwa zimekwama. Mwenye nyumba alikuwa akilipa maji ya wapangaji wote, hata ya kufulia mazulia yao. Kama maji ni ya kisima, uliza pampu ilitengenezwa lini mara ya mwisho na kwa kiasi gani. Na kama eneo halina bomba la maji taka, ongeza gari la kunyonya choo, uliza huja kila baada ya wiki ngapi.

Ajenti wa kukusanya. Wengi huniambia, "Nitakusanya mwenyewe, mstari huo futa." Usiufute. Ukikusanya mwenyewe unafanya kazi, na kazi ina thamani yake. Siku utakapougua au utakapohamia Mombasa utalipa mtu. Zaidi ya hayo, mnunuzi wa baadaye atauhesabu, na bei atakayokupa itatokana na hesabu yake.

Ukarabati. Muuzaji atakuonyesha 50,000 kwa mwaka na pengine hasemi uongo, kwa sababu amekaa miaka mitatu bila kurekebisha kitu. Uendapo, gusa kuta za vyoo kutoka upande wa nje, fungua koki ya ghorofa ya juu kabisa, tazama dari ya nyumba za juu kama ina madoa ya kahawia. Kila mpangaji akihama kuna rangi, kitasa, sinki, soketi. Mimi huweka karibu asilimia 8 ya kodi iliyoingia kwa jengo lenye umri wa miaka 10 na zaidi, na mwaka ambao hazikutumika zinabaki kwenye akaunti zikisubiri paa.

Sasa toa. Kodi iliyoingia 3,048,000, gharama 1,219,360, kinachobaki ni 1,828,640. Gawanya kwa milioni 32, unapata asilimia 5.7. Karatasi ya ajenti ilitoa 10.6. Jengo ni lilelile, bei ni ileile, na hakuna namba niliyoipunguza kwa chuki.

Kuhusu ushuru wa KRA, wapimaji huuacha nje ya kiwango cha mtaji, kwa kuwa unategemea mwenye mali. Lakini ushuru wetu wa nyumba za kuishi hauangalii faida. Kwa mwenye mapato ya kodi kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, hata kama mwezi huo pampu iliungua na hukubaki na kitu. Hapo awali ilikuwa asilimia 10. Ndiyo maana mimi huandika jibu mara mbili, kabla ya KRA na baada yake. Kwa ploti hii ushuru ni 228,600, kinachobaki ni 1,600,040, na kiwango ni asilimia 5 kamili. Namba ya kwanza ndiyo ya kulinganisha ploti na ploti. Ya pili ndiyo itakayoingia kwenye akaunti ya chama.

Na bei pia si milioni 32. Kwa Nairobi ushuru wa stempu ni asilimia 4, hapa ni 1,280,000. Ongeza wakili, mpimaji na upekuzi wa hati, tulikadiria 520,000. Ongeza matangi na mabomba yaliyohitaji kubadilishwa kabla ya mvua, 700,000. Ploti ya milioni 32 ingetutoka milioni 34.5, na kiwango kabla ya KRA kingekuwa asilimia 5.3.

Je, asilimia 5.7 ni mbaya? Inategemea unailinganisha na nini. Chukua fleti ya vyumba viwili Kilimani, bei milioni 12, kodi 75,000 kwa mwezi. Kwa karatasi ni asilimia 7.5. Toa mwezi mmoja mtupu, ada ya huduma ya 9,000 kila mwezi, ajenti asilimia 8 na ukarabati wa 50,000, unabaki na 601,000, yaani asilimia 5. Namba hizo mbili zinakaribiana, lakini pesa zake hazifanani. Zimmerman zinatoka kwenye mifuko 27. Mmoja akihama hupungui sana. Kilimani zinatoka kwenye mfuko mmoja, na ule mwezi mlango ukiwa mtupu ada ya huduma inaendelea kudaiwa. Kwa upande mwingine, mpangaji wa Kilimani hakupigii simu saa sita usiku kwamba maji yamepotea.

Mlinganisho wa pili ni Hazina. Mwanzoni mwa 2024 bili za Hazina za siku 91, yaani mkopo wa miezi mitatu kwa serikali, zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16, na dhamana ya miundombinu ya Februari mwaka huo ilitoa zaidi ya asilimia 18 bila ushuru. Mtu aliyenunua ploti ya asilimia 5 wakati huo alihitaji sababu nzito sana. Mwaka uliofuata bili hizo zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia 10, na mazungumzo yakabadilika. Kodi ya nyumba hupanda na miaka, na ardhi ya Zimmerman haikai bei moja, kwa hiyo chama chetu kinakubali ploti iwe chini kidogo ya Hazina. Tulikaa tukaamua mstari wetu: asilimia 8 kabla ya KRA, chini ya hapo hatununui. Nanyi amueni wenu kabla hamjaiona ploti, kwa sababu mkishaona roshani na jua la jioni mtaanza kuusogeza.

Bei ya ploti zilizouzwa pia inasaidia, mradi iwe bei iliyolipwa, si iliyotangazwa. Mimi nina kijitabu. Kila ninaposikia kwa wakili au keateka kwamba ploti fulani imeuzwa, naandika mtaa, idadi ya milango, kodi na bei.

Kiwango kikubwa nacho kichunguze

Ukikuta asilimia 13 baada ya gharama zote, usishangilie bado. Mara nyingi bei imeshuka kwa sababu ya jambo ambalo hesabu hii haina jicho la kuliona. Inaweza kuwa karatasi ya hisa ya kampuni ya ardhi badala ya hati miliki. Inaweza kuwa ni hati ya kukodi ambayo miaka yake inakaribia kwisha. Inaweza kuwa barabara inayopangwa kupita sebuleni. Upekuzi wa hati kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa 2021, ufanywe kabla ya kulipa hata dipoziti, na wakili awe wako, si wa muuzaji.

Mto ndio unaonitisha zaidi. Mwaka 2018 majengo ya kingo za mito yalibomolewa Nairobi, mengine ya thamani kubwa, na baada ya mafuriko ya 2024 ubomoaji ulirudi. Aprili 2016 ghorofa la Huruma, karibu na mto, lilianguka usiku wa mvua na makumi ya watu wakafa wakiwa majumbani mwao walimolipia kodi. Namwita injinia kila mara jengo linapozidi ghorofa tatu. Ada yake haimo kwenye kiwango cha mtaji, lakini wapangaji ni watu waliotukabidhi usingizi wao.

Sasa mkopo

Sacco yetu inatoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Tungekopa milioni 20 kununua ile ploti, riba ya mwaka wa kwanza pekee ingezidi milioni 2. Ploti inaleta 1,828,640. Yaani jengo lote, milango yote, halingelipa hata riba, na kila mwezi wanachama tisa wangetoa mfukoni ili kulilisha. Kanuni yake ni nyepesi: riba ya mkopo ikiwa juu ya kiwango cha mtaji, kila shilingi unayokopa inakupunguzia badala ya kukuongezea. Benki zilipokuwa zikitoza wastani wa karibu asilimia 17 mwishoni mwa 2024, hakukuwa na ploti niliyoipima ambayo ingejilipa kwa mkopo mkubwa. Anayekuambia "wapangaji watakulipia mkopo" muombe akae nawe na kalamu.

Kuigeuza hesabu

Kazi nzuri zaidi ya kipimo hiki ni pale unapokigeuza. Badala ya kuuliza bei hii inanipa asilimia ngapi, uliza asilimia ninayoitaka inanipa bei gani. Chukua kinachobaki kwa mwaka, kigawanye kwa kiwango chako. 1,828,640 gawanya kwa 0.08, unapata 22,858,000. Hiyo ndiyo ploti ya Zimmerman kwa macho ya chama chetu, si milioni 32.

Ukiielewa hesabu hiyo utaelewa pia kwa nini kodi hupandishwa muda mfupi kabla ya ploti kutangazwa. Shilingi 500 zaidi kwa kila moja ya bedsita 20 ni 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 8 hiyo ni milioni 1.5 kwenye bei. Kwa hiyo uliza kila mpangaji aliingia lini na alipewa nini. Wawili kati ya wapya pale Zimmerman waliniambia walipewa mwezi wa kwanza bure ili wakubali 8,500.

Sikumpigia muuzaji simu kumwambia bei yake ni kubwa. Nilinakili ukurasa wangu kwa mkono, nikauandika vizuri, nikampelekea kupitia ajenti, na chini nikaandika milioni 23. Ajenti alinung'unika kwamba namtukana mzee wa watu. Wiki mbili kimya. Kisha muuzaji mwenyewe akaniita, tukaketi nyumbani kwake na chai, ukurasa ukiwa mezani. Hakubishana na jumla. Alianza mstari wa kwanza, akashuka.

Akasimama kwenye soja. "Mama, huyu soja tunagawana na ploti ya pili. Mimi nalipa nusu." Akatoa bahasha ya risiti za M-Pesa, miezi 12, 9,000 kila mwezi. Alikuwa na haki. Nikafuta 216,000, nikaandika 108,000 mbele yake. Kinachobaki kikapanda hadi 1,936,640, na kwa asilimia 8 bei ikawa milioni 24.2. Kwenye maji alitaka nipunguze pia, lakini hakuwa na karatasi, kwa hiyo mstari ukabaki ulivyo.

Ameshuka hadi milioni 26. Kwa bei hiyo ni asilimia 7.4, na wenzangu wawili wanasema tumalize. Mimi nimeomba wiki moja. Jumapili hii saa moja jioni narudi Zimmerman na mwanachama mwenzangu, yeye ataanza kuhesabu mita kutoka juu, mimi kutoka chini, na kwa mama mboga nimeshaagiza sukuma ya hamsini.